Betri Sita

Baba alikuwa karani wa mizani, shamba la mkonge Kigombe.
Siku tano alipima marobota,
Jumamosi akarudi Ngamiani kupima maneno:
nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho,
vidole vikigonga meza kama mvua isiyokosea bati.

Ndipo Kilua akaja na ile sahani.

Aliipata mnadani, nyumba ya Mgiriki aliyekuwa akifunga virago,
imechanganywa na sahani za kulia, bei moja.
Za udongo akampa mama.
Ya santuri akaibana kwapani.
Jaladani watu wanne,
nywele zao katani isiyopita kwenye brashi,
na herufi zimevimba, zimeyeyuka, zimeingiliana
hata jina la bendi likatushinda.
Tukawaita Wale.

Upande mzima, wimbo mmoja.
"Mbona hauna kiitikio?"
"Subiri," akasema Kilua.

Gitaa likaanza mbali,
kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma nyumba ya tatu.
Likaingia chumbani, likapita sikio hili,
likatokea mahali ambapo sikio halipo.
Likatuchuna kama korona inavyochuna jani,
kijani chini, maji machungu chini,
mpaka ukabaki uzi mweupe unaometa
na uzi huo ni wewe.

Ukuta ukavuta pumzi. Naapa.
Kalenda ya ushirika ikamwaga tarehe sakafuni.
Sauti moja ikaimba kinyumenyume,
ikimeza neno kabla ya kulitamka.
Nasi hatukuwa tumetia kitu kinywani
ila chai ya rangi na maandazi ya jana.
Bi Mwanakombo, chumba cha uani,
akainua Ayatul Kursi kumfukuza huyo jini,
na bila kujua
akaingia sawasawa kwenye ngoma.

Baba akaja kuzima.
Akasimama, mkono hewani.
Vidole vikaanza kuhesabu kwenye fremu ya mlango:
nane. Kumi na moja. Saba. Tisa na kitu.
Akarudi mwanzo. Akapotea tena.
Sijawahi kumwona mtu mzima akipotea
na miguu iko kizingitini pake.
"Hawa," akasema, "hawana mizani."
Lakini hakuondoka
hadi sindano ilipokwaruza karatasi ya katikati,
na usiku nikamsikia akigonga meza,
akiacha,
akigonga.

Betri zilikuwa sita, zile kubwa.
Kilua alizianika juu ya bati kama dagaa
zipate uhai wa siku moja zaidi.
Zilipochoka, Wale nao walichoka:
gitaa likainama, mwimbaji akazama
kama anaimbia ndani ya mapango ya Amboni,
popo wakimsikiliza kichwa chini.
"Hapo ndipo patamu," alisema Kilua, macho kafumba,
kijana aliyefukuzwa kazi karakana ya reli
kwa kuchelewa, kuchelewa, kuchelewa.

Juzi nilivumia ule wimbo, simu ya mjukuu ikautambua.
Kumbe una jina. Kumbe Wale wana majina,
mmoja wao anafuga kondoo.
Na ni wimbo mwepesi! Wa mbio, karibu wa kuchezea harusini.
Dakika kumi na moja.
Mimi ningekula yamini ulikuwa usiku kucha.
Ule uzito, kule kuzama, kuta zile zenye mapafu,
nusu yake zilikuwa betri zikikata roho.
Nikamwambia zima.
Kilua hayupo wa kumwambia.

Ninayo madaftari ya baba.
Beti mia nne na kitu, zimesimama kama marobota gatini,
kazi ya mtu aliyewahi kurudisha lori zima kwa ratili mbili.
Ila moja, mwaka sabini na tatu, wino wa kijani,
mstari umevuka pambizo ukaenda,
naye hakuukata:

Nimepima la kupimwa, lakini lile la Jumamosi bado linazunguka